Mnada Nisiomwona Mtu

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Jumamosi iliyopita nilipoteza laki mbili kwenye mnada wa simuni, nikinunua pampu ya kupulizia mikorosho. Haijaja. Hapa Newala hatujambo, mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama utume pesa ya friji kwenye mnada huohuo. Nilipokuwa msichana, baba alikuwa anapandisha bei ya baiskeli mnadani Masasi, ghafla akageuka nyuma, akaacha kutaja bei.

"Mbona umeacha, baba?"

"Nashindana na nani, mama? Simwoni."

Mimi Jumamosi ile simuni sikumwona mtu, nikaendelea. Korosho zetu mnadani bei hupandishwa; hawa wa simuni walinipunguzia kila niliposita! Mpaka leo sielewi ilikuwaje nikatuma.

Unasema utalipa Ijumaa. Nijibu Alhamisi kabla ya saa sita mchana: friji hiyo umeiona kwa macho yako, ndiyo au hapana?

Bibi yako