Mizinga Thelathini na Minane ya Rais

Harrow Fork, Ohio
Jumapili, 21 Agosti

Dada yangu Lavinia,

Nakusalimu wewe, Mama na watoto huko mliko tangu mazishi, nikiomba barua hii iwakute mmeamka salama na chakula kipo mezani. Je, Hattie ameachana na kile kikohozi? Mwambie Mama soksi alizonifumia zimenitosha. Mimi mwili wangu hauna neno. Jana nilipalilia kaburi la mumeo Asa. Nyasi zimeanza kushika upande wa miguuni.

Katika barua yako ya tarehe 12 umeniuliza kesi itakuwa lini. Itasikilizwa Jumatano hii, tarehe 24. Umeuliza pia kama Lemuel Stroud atanyongwa au atafungwa tu, na ukataka nikueleze kila kitu bila kukuficha, kwa kuwa siku ile ulikuwa kwenye meza za vyakula nyuma ya kanisa na uliona mwisho peke yake. Nimefungua shajara yangu ili nikujibu kwa mpangilio.

Tangu Elam Lathrop, mtoto wa mji huu, achaguliwe kuwa Rais, mzinga wetu haujapumzika. Novemba, siku ya ushindi wake, tuliufyatua mara kumi na mbili, na watu wa vyama viwili wakapigana kwa mipini ya mashoka mbele ya duka la Yoder mpaka mtoto wa Pettibone akang'olewa jicho. Tarehe 4 Machi, alipokula kiapo, mshindo ulivunja madirisha ya shule, na farasi wa mchungaji akamkanyaga Bi Tuttle akamvunja mbavu tatu. Mei, siku yake ya kuzaliwa, tulichinja ng'ombe watatu, na wachinjaji wawili wakachomana visu wakigombea nani ampelekee Rais ulimi. Hakuna sikukuu yake iliyopita bila damu, nasi tulicheka. Asa alikuwa akisema, siku Rais akipata mjukuu tutakwisha wote.

Tarehe 4 Julai akaja mwenyewe kusherehekea Siku ya Uhuru nyumbani. Ilipangwa ipigwe mizinga thelathini na minane ya heshima kwa mzinga wetu ule ule, mmoja kwa kila jimbo, na wapigaji tuwe sisi tuliokuwa chini yake vitani alipokuwa kapteni wetu. Kazi zetu unazijua. Lemuel anaingiza ule mti wenye ngozi ya kondoo iliyolowa maji, kuzima cheche zilizobaki ndani. Asa anashindilia mfuko wa baruti mpya. Mimi nimesimama nyuma, kidole gumba kikiwa kimeziba kitundu cha kuwashia, ili hewa isipite ikaamsha cheche yoyote wakati Asa yuko mbele ya mdomo wa mzinga. Vitani sheria ilikuwa moja: anayeondoa kidole, mshindiliaji ana haki ya kumpasua kichwa kwa mti wake. Asa alinikumbusha asubuhi ile mbele ya wote, "Shemeji, nakupenda, lakini ukikiondoa hicho kidole dada yako atamzika kaka yake." Nikamjibu anifikie kwanza, na kitambi kile. Watu wakacheka.

Mizinga kumi na sita ilitoka vizuri. Rais hakuweza kukaa jukwaani. Alishuka akaja kusalimia watu wake wa zamani. Alipita nyuma yetu huku tunautayarisha wa kumi na saba. Asa alikuwa anashindilia. Mzinga ukafyatuka kabla ya kuwashwa.

Umeniomba nisifiche. Mti wa kushindilia ulichukua mikono yake yote miwili. Mmoja tuliuokota miongoni mwa wapiga tarumbeta, kando ya ngoma kubwa, na yule mtoto mpiga ngoma hajasema neno mpaka leo. Uso wa Asa uliungua ukawa mweusi, na macho yalikuwa wazi. Alijaribu kuinuka kwa mikono ambayo haikuwepo. Kizibao cheupe cha Rais kilijaa damu mpaka kifuani, na walinzi wakambeba wakidhani ni yeye aliyeumia.

Ndipo mtu akapiga kelele, "Mnuseni huyo Stroud!" Wakamnusa. Alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha pombe ya tofaa asubuhi, kama sisi sote. "Ametusafishia mzinga kwa mate, mlevi huyu!" wakasema. "Leo umemeza mapipa mangapi, Lem?" Wakamwangusha. Wakampiga kwa vijiti vya bendera, kwa chupa, na kwa ule mti wake mwenyewe. Yoder, anayeimba kanisani, alimkanyaga vidole kimoja kimoja. Wanawake walimvua viatu ili wampige navyo. Walipochoka wakaenda kuchoma karakana yake, na mbwa alikuwa amefungwa humo.

Huku wanampiga, Lemuel alikuwa akiita jina langu. "Gid! Nilipitisha maji mara mbili, Gid! Uliniona! Waambie!"

Nilimwona, Lavinia. Alipitisha mara mbili. Nikasogea karibu, watu wakanipisha kwa kuwa mimi ni shemeji wa aliyeumia, nikampiga teke la mdomo. Meno mawili yakatoka. Baada ya hapo hakuniita tena.

Sasa yuko jela, jicho la kushoto limekufa na taya limeunga upande. Barua uliyomwandikia hakimu, ukiomba anyongwe, ni mimi niliyekusahihishia na kuinakili kwa mwandiko mzuri. Itasomwa mahakamani Jumatano, na wazee wa baraza wanasema itatosha wamnyonge.

Tarehe 19 Julai nilipata uteuzi wa kuwa msimamizi wa posta, umetiwa saini na Rais. Ulinipongeza. Ukasema, angalau mema kidogo yametoka siku ile. Nimeuweka uteuzi mezani hapa, pamoja na shajara. Nimeandika shajara miaka kumi na tisa, na sijawahi kuandika uongo humo isipokuwa tarehe 4 Julai, mstari mmoja: "Asa ameumia, Lemuel alikuwa amelewa."

Yaliyotokea ni haya. Rais alipita akishika mikono ya watu, akavua glavu, akanifikia. Akasema, "Gideon, bado uko pale pale!" Akanyoosha mkono. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye kitundu. Nilijua uko wapi. Nikamwona Rais wa nchi nzima amenyoosha mkono mbele ya mji mzima, na macho ya mji yako juu yangu, nikampa. Aliushika kwa mikono yake miwili, na mgongo wake mpana ukanificha kwa watu. Mshindo ulitukuta bado tumeshikana. Alitazama kidole changu, kizima, bila hata alama ya moshi. Alikuwa kapteni wa mizinga, hakuhitaji kuambiwa. Akaachia mkono wangu akavaa glavu.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa hakimu na shajara, na uteuzi, na kidole hiki. Nimetaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Limebaki jambo moja. Siku ya tatu, Asa alipoomba abaki na mimi peke yangu, ulidhani anataka tusali. Alikuwa haoni vizuri, ila siku ile mbele ya mdomo wa mzinga aliona kila kitu. Alikuwa ananitazama mimi. Hakunitukana. Aliniuliza, "Shemeji, mkono wa Rais ulikuwa laini?"

Nikamwambia ulikuwa laini.

Akacheka. Ndicho kile kicheko ulichokisikia jikoni, ukaja mbio na supu ukisema anapata nafuu. Alikufa supu ikiwa bado ya moto.

Msomee Mama barua hii akiwa ameketi. Wabusu watoto, lakini usiwaambie mabusu hayo yametoka kwa nani. Mimi usinijibu; ukiwa na la kuandika, mwandikie hakimu barua nyingine kabla ya Jumatano, na hiyo uiandike kwa mwandiko wako mwenyewe.

Ndimi mdogo wako,
Gideon Pruitt