Ngamia Thelathini na Wawili kwa Shingo Moja

Aabo,

Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya vibali, daftari magotini, na kila nikiandika mistari miwili nainuka kwenda kumchungulia karani dirishani. Mara tatu amenipungia mkono nirudi nikae. Ungekuwepo, baba yangu, ungecheka. Ulikuwa ukisema nilizaliwa siku ya kuhama, ndiyo maana kukaa sikujui.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu shuleni hawakutufundisha kuiandika. Najua Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni na cha hospitali, maneno ishirini hivi, na kila p ukiigeuza b. "Bole bole, daktari." Wauguzi walikupenda kwa hayo tu. Basi atakayekusomea huko akutafsirie, ila atafsiri neno kwa neno, asipunguze wala asiongeze. Mimi sikukufanyia hivyo.

Ni miezi minne sasa tangu uniache. Naishi Galbet, hapa Garissa, kwa Adeer Bare, mdogo wako, na mkewe ananilazimisha kula. Kafyu bado ipo. Kutoka mjini ni kibali, kupeleka mbuzi malishoni ni kibali, na askari wakiona watu watatu wamesimama pamoja wanauliza nani kati yenu ni shifta, mwasi wa porini. Juzi nilipita hospitali nikaona kitanda chako kimepata mtu mwingine. Ameumia mguu. Mguu tu, Aabo! Nilimwonea wivu yule mzee, Mungu anisamehe, nikatoka bila hata kumsalimia.

Shingo yako naiota. Wewe uliyeteka maji visimani Modogashe maisha yako yote, ukisimama kwenye ngazi ya udongo na kurusha ndoo juu huku unaimba, uliteleza siku ambayo hata matope hayakuwa mengi. Ulipofika chini ulikuwa unazungumza vizuri kabisa. Ukaniambia nikuondolee mguu wangu kifuani, na mimi nilikuwa juu kabisa ya kisima. Pale ndipo nilipojua mwili wako haukusikii tena.

Tulikuleta Garissa kwa lori, kichwa chako nimekibana katikati ya magunia mawili ya sukari. Hospitalini wakayaondoa, wakaweka vifuko vya mchanga. Ukasema umeshushwa cheo, kutoka sukari hadi mchanga. Nilicheka hadi nikalia.

Daktari alinieleza, nami nikakueleza: mfupa wa shingo umevunjika na unabana mshipa unaobeba nguvu kwenda mikononi na miguuni. Upasuaji wa namna hiyo hapa haupo, na Nairobi alisema hajui wa kumpa kazi hiyo. Ulaya wapo. Akaandika barua, tukangoja, jibu likaja. Siku ile tulikaa naye mezani tukajumlisha: ndege ya mgonjwa na ya mtu wa kumwangalia, upasuaji wenyewe, kitanda kwa miezi, chuma cha kushikilia shingo, ndege ya kurudi. Pesa zao tukazigeuza shilingi. Shilingi wewe hukuwa na habari nazo, kwa hiyo nikazigeuza ngamia kwa bei ya soko la wiki ile.

Ngamia thelathini na wawili.

Uliangalia dari, ukasema: "Shingo moja? Ya ngamia yenyewe ni ndefu mara tano na haifiki bei hiyo." Daktari akataka kujua umesema nini, nikamwambia unashukuru. Alikuwa ameniambia pia kwamba hata wakikupasua hawezi kuahidi kwamba utasimama, labda mikono tu itarudi. Hilo nilikuambia lote. Ukasema mikono inatosha, mikono inakama maziwa.

Sisi tulikuwa na ngamia tisa. Waliosalia walihitajika kutoka kwa ndugu, na ndugu hawakukuangusha. Adeer Bare aliita qaaraan, mchango wa ukoo, kila nyumba ikaamua itatoa nini, na hakuna aliyetoa mnyama mgonjwa. Eeddo Dahabo, yule mjane binti wa ami yako, alikuwa na ngamia jike mmoja tu wa maziwa, yule mweupe mwenye sikio lililochanika. Akamtoa. Watu wakamwambia atoe mbuzi, yatosha. Akakataa.

Sasa nafika pale ninapopazunguka tangu asubuhi. Nimeinuka tena nikamchungulia karani. Bado.

Uliniita ukaniambia: "Mwambie Bare wasiwachome alama yangu. Hao wameazimwa kwa ajili ya shingo. Nikifa kabla hawajauzwa, kila mmoja arudi kwao na ngozi yake." Uliyasema polepole, ukanifanya niyarudie. Nikayarudia. Nikatoka nje nikamkuta Adeer Bare anasubiri jibu hilo hilo, maana alikuwa anaondoka kesho yake kwenda kuwaleta.

Aabo, niliogopa. Mnunuzi alikuwa bado hajafika, mvua imekawia, na nilikwisha kusikia mke wa mmoja wa waliotoa akinung'unika kwamba ngamia wake ametolewa bila yeye kuulizwa. Nilijua ngamia asiye na alama mpya anaweza kudaiwa kesho, na mwenye alama hakuna anayethubutu kumgusa. Nilihesabu siku zako. Adeer akaniuliza, "Babako amesemaje juu ya alama?"

Nikasema, "Amesema wachomwe."

Ni mimi. Si wewe. Wallahi ni mimi.

Wakawachoma wote ishirini na watatu, alama yako mbichi pembeni ya alama za wenyewe. Karatasi ya kusafirisha ilitaja majina ya wenye ngamia, nyumba kwa nyumba. Doria iliyowakuta njiani ikaangalia karatasi, ikaangalia ngamia, ikaona kila mmoja ana kidonda kipya cha moto na alama ya mtu ambaye hayupo pale. Mwizi wa mifugo hufanya vivyo hivyo, hata mtoto wa kwetu anajua. Adeer alieleza hadi sauti ikakauka. Yeye walimshikilia siku kadhaa wakamwachia. Ngamia hawakurudi, hata wale tisa wetu. Tumeuliza kila mlango, na kila mlango umetuelekeza mlango mwingine.

Nami nikarudi kitandani kwako nikakuambia wako njiani.

Kila asubuhi uliniuliza wamefika wapi, na kila asubuhi niliwasogeza. Wameondoka Modogashe. Wamekunywa maji. Wamepumzika, kuna jike amechoka. Wewe mchungaji wa miaka hamsini, nilidhani nakudanganya! Njia ya mwongo fupi, nami nikawa nairefusha kwa mikono miwili. Mara uliniuliza walilala wapi jana, nikataja mahali, ukasema pale hakuna majani mwezi huu. Nikajibu walikula walichopata.

Siku moja kabla ya kufariki ulimwambia daktari, kwa Kiswahili chako, "Mimi habana taka lala tena. Mimi nachoka kulala." Kisha ukanigeuzia macho, maana kichwa kilikuwa hakigeuki, ukaniambia kwa lugha yetu: "Waache ngamia wako wapumzike. Wamechoka kutembea mdomoni mwako."

Ngamia wako, ulisema. Nilikulisha uji, nikakufuta kidevu, nikatoka nje nikatembea hadi mtoni na kurudi, hadi mtoni na kurudi. Asubuhi chai ilikuwa bado moto walipokufunika.

Hujui bado lililonileta kwenye benchi hii. Watu wanakusema, Aabo. Hawakusemi kwa ubaya mkubwa, maana marehemu hasemwi, lakini nimesikia kisimani na nimesikia msibani kwa wengine. "Hirsi alikuwa na haraka. Hajainuka kitandani, tayari anachoma alama yake kwenye mali ya watu." Wanasema laiti ungesubiri, ngamia wangekuwapo. Adeer Bare anawanyamazisha, lakini yeye mwenyewe anaamini uliagiza hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Anakutetea kwa kosa ambalo hukulifanya. Namsikiliza, nala chakula chake, naangalia chini.

Wiki iliyopita wachungaji wa kando ya mto walimwokota ngamia jike mweupe akizurura peke yake, amekonda, sikio limechanika. Wakasoma ile alama iliyo mpya, wakauliza ni ya nani, wakaambiwa Hirsi. Wakamleta kwetu Galbet. Yaani ile alama iliyotupotezea wote ndiyo iliyomrudisha huyu mmoja! Nilimkumbatia shingo mbele za watu nikalia kwa sauti, hata mkewe Adeer akaona haya.

Adeer akasema ni wangu. Ana alama ya baba, baba hayupo, mtoto yupo. Eeddo Dahabo alipopelekewa habari na dereva wa lori alijibu kwamba alichotoa ametoa. Serikali imemweka na wenzake kwenye kijiji cha kulindwa na askari huko Modogashe, amezungushiwa uzio wa miiba, hana hata tone la maziwa yake mwenyewe, na bado anasema ametoa. Kutoa ni moyo, sawa. Lakini na moyo wangu je?

Umeniachia agizo moja, nami nimelikalia. Kila ngamia arudi kwao na ngozi yake. Ngozi yake siwezi kuirudisha, alama haifutiki. Nitamrudisha alivyo, Adeer atanisindikiza, na nitasimama mbele ya Eeddo na mbele ya nyumba zote zilizotoa, niseme kwa mdomo wangu: Hirsi alikataza, binti yake ndiye aliyesema wachomwe. Wakinitukana, nitasikia. Adeer bado sijamwambia. Nitamwambia njiani, siku ya kwanza, mapema, kabla sijaogopa. Wasiwasi unanila, sikufichi.

Karani ameniita, "Binti Hirsi!" Nimeinuka, nimerudi. Amenipa fomu niliyoijaza jana niikague kabla ya mhuri. Mahali pa kuandika mwenye mnyama niliandika jina lako, kama lilivyo kwenye ngozi. Nimelikata. Nimeandika Dahabo. Karani ameangalia ngamia aliyefungwa nje mtini, ameangalia karatasi, akasema alama haifanani na jina. Nimemwambia ndiyo, haifanani, na kosa ni langu. Akagonga mhuri.

Kwaheri, Aabo. Jina lako nitalisafisha nyumba kwa nyumba, nakuahidi, hata ikinichukua miaka. Wewe lala. Mimi sitakaa mpaka nifike. Huyu mmoja anatembea kwa miguu yake.

Binti yako