Mtoto wa Jicho

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Kijiji cha Wingwi leo. Gari ya mradi imetushusha njia ilipoishia, tukamalizia kwa miguu juu ya mawe. Utafiti wetu unauliza habari za wazee — nani anawapikia, nani anawaogesha, nani anawapeleka spitali. Mie ni muulizaji. Nilipostaafu uuguzi nilidhani nitapumzika. Kumbe kustaafu ni kukaa nyumbani Jadida peke yako, unaisikiliza friji. Ndipo nikaiomba kazi hii.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Ngwali na mkewe, Bi Mwanawema. Mzee yuko juu ya themanini, mrefu, kanzu imefuliwa vizuri. Bibi ana maradhi ya kusahau. Kila mara anainuka kwenda kumtafuta mbuzi wake. Mbuzi mwenyewe aliuzwa zamani. Mzee anamshika mkono, anamrudisha mkekani. "Keshafungwa, Mwanawema. Keti."

Nani anamwogesha? Mie. Nani anapika? Mie. Na wewe mzee, nani anakusaidia? Akacheka kidogo. Majirani wako kambi za kuchuma karafuu, kasema. Watoto wako Dar na Unguja.

Akanimiminia chai. Alitia kidole ndani ya kikombe, akamimina mpaka chai ikamgusa, ndo akaacha. Nikajua. Nikainywa yote.

Jioni muuza samaki kaniuliza: mmoja tu, Bi Asya? Mmoja tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimerudi kwa Mzee Ngwali kumalizia maswali. Safari hii nimeuliza moja kwa moja. Mzee, unaona kiasi gani?

Kasema: "Hilo usiliandike, mwanangu."

Kanieleza polepole, bibi akiwa pale pale anakunja kanga na kuikunjua. Mtoto wao Hafidh alishasema: baba akishindwa, mama atakwenda kwake Dar. Baba atakwenda Unguja kwa Saada, binti yao. "Wana nia njema," kasema. "Kila mmoja ana nafasi ya mzee mmoja tu." Kisha: "Nke wangu akiamka Dar asinisikie, atamwita nani?"

Nimemmulika kwa tochi ya simu. Weupe mtupu, macho yote mawili. Mtoto wa jicho. Nikamwambia hili linapasuliwa, mzee, asubuhi moja tu. Anajua. Daktari alimwambia tangu jicho la kwanza lilipoanza ukungu.

"Mie niko kitandani kwa daktari. Yeye yuko na nani?"

Kwenye tableti yangu hakuna mahali pa kuliandika swali lake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Hakuna kazi leo. Mwanangu Hamdan kapiga simu kutoka Muscat, yuko njiani, honi nyingi. Mama mzima? Mzima. Nilitaka kumwelezea Mzee Ngwali na kile kikombe cha chai. Nikaanza. Akaitwa. Kasema atapiga baadaye.

Mchana nilijiuliza maswali ya utafiti, kwa sauti, nikipara samaki. Tunawauliza waliotimiza sitini, nami nimeshatimiza. Nani anakupikia? Mie. Ukiugua ghafla, utamwita nani kwanza?

Nikafungulia redio.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimechoka mpaka mifupa. Tumefika Wingwi asubuhi, mie na Haitham, msimamizi wetu. Kijana mwema kutoka Unguja, ananiita mama. Tukamkuta Mzee Ngwali njiani, magoti yanavuja damu, anaita. Bibi alitoka mzee alipokuwa anasali Alfajiri. Mlango alisahau kuupiga komeo. Alimfuata kwa fimbo, akaanguka kwenye mawe, akainuka, akaanguka tena. Nyumba za jirani hazina watu.

Tukatawanyika. Nimemwona mie, katikati ya konde la muhogo, kaketi chini kama yuko barazani kwake. Nyayo zimejaa miiba. Kanitazama, uso ukamfunguka.

"Shadya. Umechelewa."

Mzee kanambia baadaye, Shadya alikuwa mdogo wa bibi, kafariki siku nyingi. Lakini pale kondeni sikujua. Nikasema tu: "Nimechelewa, dada. Niwie radhi." Akanipa mkono. Tukarudi tumeshikana hivyo hivyo. Sikumbuki lini mtu alinishika mkono mwendo mrefu kiasi kile.

Nikamtoa miiba. Haitham kasimama mlangoni. Kwenye gari ndo kasema: mama, hapa pana hatari, lazima watoto wao wajulishwe. Kanuni ndivyo zinavyosema. Nikamwambia kanuni nazijua. Niache kwanza niseme na mzee.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekwenda Wingwi peke yangu, kwa nauli yangu. Nikamwambia mzee: kapasuliwe. Mie nitakaa na Bi Mwanawema.

"Kwa nini? Wewe si wetu."

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Nikatafuta neno la kiuguzi, sikulipata. Nikasema kweli: nyumbani kwangu hakuna anayenisubiri.

Kauliza kama mlango wangu una komeo la juu, maana la chini bibi analifungua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Haitham kasema nyumba ile inatoka kwenye utafiti. Nami Wingwi sirudi kuuliza. "Mama, ukishaingia jikoni kwao, huwezi tena kuwauliza maswali. Na wao hawawezi kukujibu." Anasema kweli, nami nimemwambia hivyo. Nimebakishiwa kijiji cha Gando kwa wiki hii. Baadaye hajui, ataulizia.

Halafu akatoa simu yake, akawapigia watu wa macho mbele yangu, akawabana mpaka wakatoa siku. Jumatano ijayo. Jicho moja kwanza.

Tukampelekea mzee habari Wingwi, na watoto kawajulisha mwenyewe. Haitham kamwekea Hafidh kwenye spika. Hafidh kamsikiliza baba yake mpaka mwisho. Kisha kasema tiketi ya mama keshaikata. Anakuja kumchukua Jumamosi ya wiki ijayo. "Baba, mie silali. Kila simu ikilia nadhani ni habari za mama." Siwezi kumlaumu. Mzee kamwambia: njoo. Utanikuta naona.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimefua mashuka ya chumba cha Hamdan. Nimefagia uvungu. Nikatoa sahani kabatini, zimeingia vumbi, zote nimeziosha. Mvua ya vuli kidogo.

Jirani kauliza nina wageni? Nikasema ndio. Nikalirudia neno peke yangu nilipoingia ndani.

Jumatano, 23 Oktoba

Imekwisha salama, alhamdulillahi. Mzee kapasuliwa jicho la kulia asubuhi, Haitham kampeleka na kumrudisha. Daktari kataka kumwona tena kesho, ndo atamfungua bandeji. Kwa hiyo wamelala — watalala — hapa kwangu, Jadida.

Siku yenyewe ilikuwa ndefu. Bi Mwanawema kalia alipomkosa mumewe, kaupiga mlango kwa viganja. Kamtaka mbuzi. Kamtaka mamaake. Nikamwogesha kwa maji ya vuguvugu, akatulia. Nikamchana nywele. Kanihadithia harusi ambayo mie, Shadya, nilivaa viatu vya kuazima vikanibana. Nikasema kweli, vilinibana. Kacheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka. Mzee alipoingia na bandeji yake, alikuta tunacheka. Kasimama pale pale kizingitini, anasikiliza.

Tumesali magharibi. Nikaweka wali na mchuzi wa pweza, sinia moja. Mzee kala kidogo, akakunja mkono. Kisha kaniambia kwa sauti ya chini:

"Bi Asya. Mara ya mwisho kumwona uso vyema, bado alikuwa mnene, na meno yote. Sasa yukoje? Niambie leo. Kesho nisije nikashtuka, akaniona."

Nikamtazama bibi. Mashavu yameingia ndani. Meno ya mbele hana. Shingo imekuwa kama ya kifaranga. Naye alikuwa anamtazama mzee kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni wa watu. Akaniinamia.

"Shadya, huyu baba aliyefungwa jicho ni wa nani?"

Mzee kasikia. Alikuwa ameelekeza sikio kwangu, anangoja jibu lake.

Nikasema chai inachemka. Haichemki, sijaiteleka. Niko jikoni, naandika haya nimesimama, daftari juu ya kabati ya sahani. Nimeuguza kila aina ya mgonjwa, na sijui nimjibu nani kwanza. Kesho jicho. Jumamosi Hafidh na tiketi yake.

Sebuleni wanazungumza. Sisikii anachosema mzee, ila sauti yake ile ya kumrudisha mkekani. Bibi hamjibu. Sasa ananiita, Shadya. Naye mzee anaita, Bi Asya.

Nakwenda.