Mama Hakuirudisha Chatini

Jumatano usiku

Afadhali Mama angegomba. Miaka yote tukienda kula bhajia kwa Kusum, Mhindi wetu wa Chumbageni, huchovya kidole kwenye chatini ya ukwaju, akaionja, akairudisha. "Kusum mwanangu, hii umeitia maji." Mimi huona haya.

Leo, baada ya wiki nzima ya kuugua na kukataa hata uji, kasema mwenyewe anataka bhajia. Nilifurahi mno. Akala taratibu, akaikomba chatini yake yote. "Tamu, alhamdulillahi."

Mara Kusum akatoka jikoni. "Shikamoo Mama. Nisameheni, chatini nimesahau kuitia chumvi. Niwabadilishie."

"Chumvi imo, mwanangu."

Nikaonja yangu. Haikuwamo hata chembe.

Kusum akanitazama. Nikamwambia imo.