Mahali pa Kumshusha Mama

Jumanne, 10 Juni 2014

Mama amekubali! Miaka yote alikataa kuondoka kwetu Minembwe, Kongo – mara ng'ombe, mara kaburi la baba. Leo mchungaji Musoni amerudi kutoka Goma, alikomwacha Mama, akapita hapa steji ninapouza chai, akanywa kikombe. "Mama yako atatoka Ijumaa na batu ba biashara," anasema. "Nimemwelezea fasi ya kushuka mara mingi." Simu hana, kusoma hajui. Ameambiwa vile vile nilivyomwagiza: Mbarara mjini, penye gari za kambi ya Nakivale, akiniona mimi na birika, ndipo ashuke. Kwingine asishuke, hata wakimvuta. Akishaambiwa neno, Mama halibadilishi. Nimeimba njia nzima hadi Rubondo, kwangu kambini.

Alhamisi, 12 Juni

Mkutano kuhusu barabara yetu. Injinia ametoka Kampala na picha kubwa: katikati treni ya umeme, pembeni njia ya mabasi peke yake, na miti mizuri. Mimi na Kampire, anayeuza mayai kando yangu, tukajitafuta kwenye picha. Hatumo! Treni ni ya baadaye, anasema, labda wajukuu wetu wataipanda. Kwanza mabasi – jaribio linaanza Jumatatu. Yatapita mjini bila kusimama hadi kituo kipya upande wa Makenke, na gari za Nakivale zinahamia huko huko.

Nikanyoosha mkono. Na mtu anayetoka mbali, hajui habari hizi? Swali zuri sana, akasema, kutakuwa na vibao. Vibao! Watu wakapiga makofi. Kusema kweli foleni ya pale imetuchosha sote, hata mimi nilikuwa karibu kupiga.

Jumamosi, 14 Juni

Mchungaji anapiga simu Goma tangu jana, Mama aambiwe kituo kipya. Mama ameshaondoka. Yule mfanyabiashara aliyemchukua hapatikani. Sijala kitu. Naogopa.

Jumatatu, 16 Juni

Jaribio limeanza. Njia nyeupe, mabasi yanapita shwaa! Steji yetu imezungushiwa kamba. Kampire amehamia kituo kipya. Nimemwomba achungulie kila basi la kutoka Kabale, upande wa mpakani. Mimi nimebaki hapa na birika. Wateja hakuna.

Askari akaja. "Mama, hapa steji imekwisha. Unauzia nani?" Nikamwambia namngoja mama yangu. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Kesho nisikukute, akasema.

Jumanne, 17 Juni

Amenikuta. Nimehamia ng'ambo ya barabara. Mvua. Sijaona kitu.

Jumatano, 18 Juni

Naandika ndani ya basi. Asubuhi Kampire akapiga simu, anapiga kelele: "Iko huku! Anakatala kushuka. Kuya mbiyo!" Kumbe amepita mbele yangu na sikumwona! Nikarukia boda, birika mkononi, chai inanimwagikia. Foleni ya magari mengine haisogei. Njia ya mabasi tupu kabisa. Nikamwambia kijana pita humo. Askari akatuzuia: "Hii ya basi tu. Rudi huko." Tukarudi kwenye foleni.

Nimefika, basi limeshaondoka kwenda Kampala. Kampire analia. Anasema aliingia mwenyewe, akamshika mkono, akamwambia Mama, mimi ni rafiki wa Eliane, yeye ndiye amenituma. Mama akang'ang'ania kiti. "Hapana. Eliane mwenyewe alisema batu batanivuta." Abiria wakamgombeza Kampire, wakadhani ni mwizi. Wakamtoa. Yule mfanyabiashara hakuwemo, inaonekana alimwacha mpakani. Kondakta akamwambia Mama kaa tu, bibi, usiogope. Akakaa, ameridhika, mfuko wake mapajani.

Kampala simjui mtu. Sijui hata basi la namna hii linaishia wapi. Nimemwachia Kampire birika, nikapanda lililofuata. Nimewaomba tuondoke, nimepiga magoti hapa katikati ya viti. Dereva yuko nje anakula mayai. Kondakta anasema bado viti kumi na moja, tungoje lijae.