Mkono Uliotokea Gizani Bahla

Shikamoo Bibi,

Huku Bahla jua kali, na sisi tumo gizani mchana kutwa. Tumeziba madirisha ya nyumba kongwe kwa mablangeti yako, tunapiga filamu ya kutisha, eti video iliyookotwa baada ya waliopiga kupotea. Jana rafiki yangu Zuwena alikuwa akitambaa ndani peke yake na kamera, mara mkono ukatokea na finjani ya kahawa. Akapiga ukelele wa kweli, akatoka mbio. Kumbe jirani kasikia watu, hakuweza kutuacha bila ya kutukirimu. Kipande hicho tumekibakisha. Tulipomwonesha jirani hakuogopa, ila kasikitika mgeni kukimbia kabla hajanywa. Leo kaja na halwa, anasema: Zuwena ale kwanza, ndio apige kelele.

Nakubusu mikono. Mablangeti nitayafua.

Mjukuu wako, Nasra