Jina la Zaina kwenye cheti

Mafubira, Jumanne, baada ya magharibi.

Eti mimi ni mama mkubwa wake! Nusura nimtupie fomu usoni.

Hamidu, mwanangu aliye Uingereza, ameruhusiwa kumwita mama yake mjane akaishi naye. Lakini leo karani wa viza hapa Jinja ameshika cheti cha kuzaliwa cha Hamidu, akasoma jina la mama: Zaina. Huyo ni mdogo wangu wa Mbale.

"Mama mkubwa anapewa viza ya matembezi tu," akasema. "Miezi sita, kisha unarudi."

Ningemwambia nini? Wakati wa vita watoto wa wanajeshi walioshindwa walikuwa wanasakwa, na mume wangu alikuwa mwanajeshi. Nikampeleka Hamidu kwa Zaina, huko mlima Wanale juu ya Mbale. Mimi mwenyewe nilimwomba chifu wa huko aandike kwenye cheti kuwa mtoto ni wa Zaina. Akakaa huko miaka saba. Akapona.

"Basi aende huyo Zaina," karani akasema. "Karatasi zake zitapita bila shida."

Sijamwambia Zaina. Naye ni mjane, na Hamidu mpaka leo anamwita Mama.

Naogopa atakubali.